Mama Vijiti Anaondoka, Menejimenti Inapumua

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mama Vijiti wa maegesho ya ndege anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi huu. Kitengo cha rasilimali watu kimeniomba mimi, mpakia mizigo mwenye maneno mengi, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Nimeagizwa uwe mfupi, wa kufurahisha, na usiguse habari za chama cha wafanyakazi wala za mkandarasi. Mfupi na wa kufurahisha nitajitahidi.

Alianza kwa kusafisha ndani ya ndege, akiokota chini ya viti vitu ambavyo heshima hainiruhusu kuvitaja. Akahamia mizigo, akabeba masanduku ya watu wanaosafiri kana kwamba wanahama. Mwisho akakabidhiwa vile vijiti viwili vyekundu vya kuongozea ndege hadi inaposimama, mwanamke wa kwanza hapa kazini kuvishika. Waliosema hataweza wameshastaafu wote, wengi wao kwa sababu za mgongo.

Kazi hiyo ina ishara nyingi, lakini moja ndiyo kubwa: akiinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa, kila kitu kinasimama. Rubani, dereva wa trekta la mizigo, mwenye ngazi, sote. Hakuna anayeuliza kwa nini, na hakuna anayesogea hadi aishushe. Siku moja alimsimamisha meneja wetu mwenyewe, aliyekuwa anakatisha njia na simu sikioni, akamwacha juani na suti yake mpaka injini zikazimwa. Meneja alimpongeza hadharani kwa umakini wake. Hajamsalimia tena tangu siku hiyo.

Nyumbani mambo ni hayohayo. Mumewe, fundi cherehani mpole, anasema gari la shemeji yake haliingii uani bila Mama kusimama mbele na miiko miwili ya kupikia. Wajukuu huitwa mezani kwa ishara, na chakula hakijawahi kuchelewa.

Sasa basi, mwaka jana menejimenti ilikwenda kwenye semina ikarudi na maono. Iligundua kwamba sisi tunaogusa ndege si sehemu ya shughuli kuu za shirika la ndege. Kazi yetu ingepewa mkandarasi, nasi tungehamia kwake kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na miaka yetu yote ya nyuma ingefutwa. Tuliambiwa tusiwe na wasiwasi, kwani sisi ni familia.

Familia ikagawanyika. Dereva wa trekta alisema chama hakitafanya lolote zaidi ya kula michango yetu. Wasafishaji wakamjibu kwamba afadhali kuliwa na mtu uliyemchagua mwenyewe.

Kikao kikaitwa kwenye ukumbi wa mizigo. Meneja akatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa muda mrefu, kisha akataka wanaokubali kuhamia kwa mkandarasi wanyooshe mikono, ili azione sura vizuri. Watu wana watoto, bwana. Mikono ikaanza kupanda. Mama Vijiti alikuwa amesimama mbele kabisa, maana goti lake halipendi viti vya plastiki. Akainua mikono yake, akaipishanisha juu ya kichwa.

Ukumbi mzima ukasimama. Mikono iliyokuwa inapanda ikaganda nusu njia, kisha ikashuka. Dereva wa trekta, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kawaida kabisa, alikanyaga breki. Meneja akarudia swali, Mama hakushusha mikono, na hakuna aliyesogeza hata kidole. Tumezoea hivyo, tungefanyaje? Alipohojiwa baadaye alisema alikuwa ananyoosha mgongo, nasi tukathibitisha, bila kupepesa macho, kwamba mgongo anao.

Menejimenti haina kinyongo. Ilitokea tu kwamba miaka miwili ya nyongeza kazini aliyoahidiwa, aliyoitegemea kumsomesha kitinda mimba wake, haikuonekana tena. Ilitokea tu kwamba kura ya siri ya kuamua kama chama kitatuwakilisha, na hivyo kumzuia mkandarasi, ikapangwa tarehe mosi, siku moja baada ya kitambulisho chake kuzimwa. Inatuuma sana, na ninaandika hivyo ingawa niliagizwa furaha.

Ili miezi yake ya mwisho isipotee bure, akaletewa vijana kumi na wawili wa mkandarasi awafundishe kazi zetu. Menejimenti ikasisitiza kwamba nao wapige kura, kwa kuwa haki ni kitu inachokipenda sana, hasa ikiwa na kura kumi na mbili za uhakika. Mama akakubali kuwafundisha. Baadhi yetu tulimnunia. Msafishaji mmoja, rafiki yake wa siku zote, aliacha kukaa naye meza moja. Mama alijibu mara moja tu, kwamba injini haiulizi mtu ameajiriwa na nani.

Akawafundisha kila kitu. Na kwa kuwa hajui kufundisha nusunusu, aliwaeleza pia kwamba glavu walizojinunulia walipaswa kupewa, kwamba saa za ziada hulipwa, na kwamba mtu akiumia kazini hapaswi kujitibu kwa pesa zake. Vijana walikuwa hawajawahi kusikia habari hizo.

Jana tulimkatia Mama keki ya kumuaga. Hotuba ya meneja ilipoisha, wale vijana hawakupanga foleni ya keki. Waliipanga mbele ya katibu wa chama, wote, wakaomba kujiunga. Katibu aliishiwa kadi. Meneja alibaki ameshika kipande chake bila kukila. Yule msafishaji alimkumbatia Mama mpaka sukari ya keki ikahamia kwenye sare zote mbili.

Tunaishukuru menejimenti kwa kugharamia mafunzo hayo, chai ikiwemo. Nawe Mama, asante kwa kila siku tuliyorudi nyumbani wazima. Tunakuombea goti litulie, kitinda mimba afaulu, na mzee akushonee gauni lisilo na rangi ya chungwa ya sare zetu. Wala usiisikitikie kura moja uliyonyimwa. Umetuachia kumi na mbili.