Gitaa Langu Chini ya Nyimbo za Chama

Ndugu zangu, mnanijua kama mtu wa makaratasi na maneno marefu. Leo nitajaribu kuyafupisha.

Nilipomaliza chuo hapa Kisangani, niliamini mji huu umekosa kitu kimoja tu: albamu yangu. Bluzi na roki, nyimbo nane, mimi kwenye gitaa la umeme, rafiki yangu kwenye ngoma. Tulirekodi katika studio ndogo upande wa Simi-Simi, karibu na uwanja wa ndege. Ndege ikinguruma, tulianza upya. Tepu ilikuwa moja tu. Tukingoja nafasi ya kuipeleka Kinshasa ikatolewe sahani za santuri, rafiki yangu akafa kwa homa.

Nilipoifuata tepu, fundi alikuna kichwa. "Yaya, kaka yangu, pardon. Watu wa chama walitaka nyimbo zao mbio-mbio. Tepu ingine haikuwa. Tulirekodi juu yake."

Sikulia. Nilinunua redio, maana tepu ile ilipigwa humo. Tepu haikufutika vizuri, nawaambia: kwaya ya chama ikivuta pumzi, chini kabisa nilisikia gitaa langu, na ngoma za marehemu. Kidogo tu, kisha kwaya inarudi. Basi nikawa raia pekee wa mtaa aliyebandika sikio kwenye nyimbo zile kila asubuhi, chupa ya lotoko, pombe yetu kali, kando. Majirani walidhani nimekuwa mpelelezi. "Mbote, citoyen!" walinisalimu kama mtu wa chama, wakapita mbio. Kazi ya kufundisha ikaniponyoka. Mnacheka? Chekeni, mimi nilikuwa nalewa.

Siku moja mke wangu alitoa betri za redio.

"Papa, ule mutu alishakufa. Weye iko muzima. Gitaa iko pale kwa ukuta, inakula vumbi."

"Rudisha betri."

"Piga kwanza."

Nilipiga kwa hasira, ili nipate betri. Nyuzi zilikuwa na kutu. Wimbo wa kwanza ulikuja nusu. Nusu ya pili haikuja. Hapo ndipo nililia. Nilikuwa nimesikiliza redio mpaka vidole vyangu vimesahau.

Namshukuru mama huyo, mke wangu, aliyeketi nyuma pale akijifanya hanijui. Nawashukuru ninyi mlioketi nami siku zangu za kwanza bila chupa, mkavumilia hotuba zangu. Nyimbo tatu zimerudi. Tano sitazipata tena, na ngoma zile pia. Aliyepoteza kitu ashike kilichobaki mapema, mimi nilichelewa.

Betri hajanirudishia mpaka leo. Sijamkumbusha.