Shangazi Ngoja Kwanza Akabidhi Ufunguo

Baada ya miaka kumi na tisa ya kujitolea, Shangazi anastaafu tarehe thelathini mwezi huu kutoka uongozi wa programu yetu huria ya kutunza hesabu za dawa. Kwa wasomaji wageni: programu huria ni ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuifungua na kuirekebisha, na yetu inafanya kazi katika zahanati nyingi kuliko tunazozijua. Hakuna anayelipwa. Shangazi mwenyewe ni mfamasia. Alianza kuiandika kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, kwa kuwa alichoka kufungua makabati yaliyosemekana yamejaa, na kukuta maboksi matupu.

Wengi wetu tulimjua kwa maneno mawili kabla ya kumjua kwa sura. Ukituma kazi yako kifua mbele, jibu linakuja: “Ngoja kwanza.” Kisha maswali yanafuata. Umeijaribu kwenye kompyuta kuukuu? Muuguzi mwenye foleni mlangoni atakielewa kitufe hiki? Tulinung'unika, tukarekebisha, na kazi ikatoka nzuri. Jina la Ngoja Kwanza likamganda, naye hakuligombea.

Ila tulimbebesha kila kitu. Kusoma kazi za watu, kupokea wageni, kuamua ugomvi, kutoa toleo jipya: yote Shangazi. Tulijiita jumuiya, kumbe tulikuwa watu waliokaa mezani wakisubiri kupakuliwa.

Kisha akalazwa kwa upasuaji wa tumbo. Juma hilohilo tukagundua kasoro: programu ilikuwa inahesabu dawa zilizokwisha muda pamoja na dawa nzima. Marekebisho tuliyaandika siku ileile, lakini ufunguo wa siri wa kutolea toleo jipya alikuwa nao yeye peke yake. Mumewe, seremala mwenye mikono mikubwa na moyo laini, alijaribu kupenyeza kompyuta wodini chini ya koti. Muuguzi wa zamu akamtimua mbele za watu. Ikabidi tupigie zahanati simu moja baada ya nyingine, tukiwasihi wakague makabati kwa macho. Hakuna aliyedhurika. Tulikuwa na bahati tu.

Alipotoka hospitali alikuwa na hasira, na hasira yenyewe alijielekezea mwenyewe. Akatuita kwenye mkutano wa mtandaoni huku bado ameshika tumbo, akagawa kazi: nani anasoma michango, nani anapokea wageni, nani anashughulikia taarifa za kasoro, nani anashika ufunguo na kutoa matoleo. Kila jukumu likapewa watu wawili, na kila mwaka linakabidhiwa. Na hakuna anayepitisha kazi yake mwenyewe, hata yeye.

Aliyepinga kuliko wote alikuwa Profesa, fundi simu ambaye shahada zake zote ni miwani. Alidai sisi ni watu wa kujitolea, vyeo tuwaachie wenye mishahara. Shangazi akamjibu kuwa mwenye mshahara unaweza kumwamuru, anayejitolea huwezi. Ndiyo maana lazima ajue alichokubali kukibeba, na nani atampokea akichoka. Kisha, kwa uchokozi wake, akampa Profesa, mkali kuliko sote, kazi ya kukaribisha wageni. Miezi ya mwanzo tulishika vichwa. Leo nusu ya wachangiaji wetu wameingia kwa mlango wake, na ndiye tuliyemchagua kumrithi Shangazi.

Lilibaki swali moja tuliloogopa kulitamka: akiondoka, programu itasimama? Jibu tulilipata juma lililopita. Shangazi alituma mchango wake wa mwisho, onyo jipya la dawa zinazokaribia kuisha, kazi ndogo ya kuagia. Sote tulijua itapita kwa makofi. Profesa akaisoma, akaona haijajaribiwa kwenye kompyuta kuukuu, akaandika: “Ngoja kwanza, Shangazi.”

Mumewe anasema alicheka hadi akashika mshono wake wa zamani. Kisha akafuta macho, akavuta kiti, akaanza kurekebisha. Jana kazi yake ilipitishwa, na hatujawahi kujivunia kumkatalia mtu namna hii.

Shangazi, asante kwa yote, na zaidi kwa kutufundisha kujitosheleza bila wewe. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na meza ambayo sasa itawekwa chakula. Simu yako isipolia, usidhani tumekusahau. Tuko kazini.