Nyota Aliyoishuku Mwalimu Una-Hakika

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha fizikia shuleni kwetu, Mwalimu Una-Hakika anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa sisi wanafunzi. Ukimwambia maji yanachemka, anakuuliza kama una hakika, kisha anakwenda kuchukua kipimajoto.

Alianza na maabara yenye bomba moja, nalo lilivuja. Leo maabara ina meza kumi na mbili, na kila moja imewahi kushukiwa kwamba haijanyooka.

Kazi aliyoipenda zaidi ni klabu ya nyota, ambayo mimi ni katibu wake. Jioni tulipanda kwenye paa bapa la maktaba kutazama nyota moja hafifu ya rangi ya chungwa, ambayo macho matupu huiona kwa shida. Alitufundisha kwamba uzito wake ni kama asilimia themanini ya uzito wa Jua, na uso wake una joto la nyuzi elfu tano hivi. Ndani ya kiini chake haidrojeni hugeuka heliamu polepole, kama chungu kilichoachwa kwenye moto mdogo. Umri wa binadamu hautoshi kuiona ikififia.

Kwa hiyo aliitumia kutupima sisi. Kila mmoja, yeye akiwemo, aliitazama kwa macho matupu, akaipa alama ya mwangaza, akaninong'oneza. Kunong'ona kulikuwa lazima, maana Mwalimu alituamini kama mtu anavyomwamini paka kwenye maziwa.

Mwaka jana nyota ilianza kufifia, lakini kwake tu. Alama zetu zilibaki palepale. Zake zilishuka kila mwezi. Alishuku madoa kwenye uso wa nyota. Akashuku vumbi, akashuku taa mpya za barabarani. Mwishowe akatugeukia: "Mmekula njama, wanangu?" Akatutawanya, kila mmoja na pembe yake, akapiga marufuku kukohoa, asije mtu akakohoa alama. Zikatoka zilezile.

Aliyemaliza kesi ni mkewe, fundi cherehani, ambaye Mwalimu humtungia uzi kwenye sindano kila jioni. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Uzi ulipopita kando kwa mara ya tatu, aliilaumu balbu. Mama akamtazama, akasema, "Haya, na sindano nayo ina madoa?"

Kesho yake alikwenda hospitali. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliporudi paani alituomba radhi, jambo ambalo baadhi yetu bado tunalitilia shaka. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba haogopi kisu cha daktari. Anaogopa kwamba kisu kisipofaulu, watu wanaompenda watamwambia anaona vizuri.

Atafanyiwa upasuaji wiki ijayo. Klabu imekubaliana hivi: akipona, atapanda paani nasi, atatazama, ataninong'oneza alama yake kama mwanafunzi mwingine yeyote. Ikiwa imekosea, nitamwambia imekosea.

Mwalimu, asante kwa kutufundisha kutokubali jambo kabla ya kulipima. Tunakutakia macho maangavu, mapumziko yenye heri na maisha mema pamoja na Mama. Nasi tunakuahidi kwamba hatutakudanganya, hata kwa huruma.