Kitabu cha Masikio

Pale Majengo, Pumwani, mbele ya chumba cha Idarusi fundi cherehani, pana benchi ambalo mguu wake mmoja ni matofali. Kila alasiri wanakaa hapo watu wanne. Idarusi mwenyewe wanamwita Hakimu, maana hakuna kesi asiyoikata. Otiende anatia makaa kwenye gari-moshi, basi jina lake Makaa. Muhidin muuza kahawa ni Chungu, kwa kuwa kahawa yake haijaonja sukari tangu vita viishe. Wa nne ni Hamidi. Huyo zamani hakuwa na jina la benchi, lakini tangu amalize darasa la ngumbaru mwaka jana, elfu moja mia tisa hamsini na tano, wanamwita Mwalimu, na yeye anaitika kwa furaha. Anaazima vitabu kwenye maktaba ya holi ya mtaa, anawasomea wenzake kwa sauti, kidole juu ya mstari, jasho puani. Wenyewe wanasema wameazima kitabu cha masikio. Wiki ya tano hii wamo ndani ya hadithi ya mama anayemtafuta mwanawe, aliyechukuliwa kubeba mizigo vita vya kwanza. Leo hadithi imekatika njiani. Na Hamidi peke yake anajua ni mkono wa nani ulioikata.

—Soma, Mwalimu, usitukaushe! alisema Otiende.

—Nimesoma. "Karani akaweka kidole juu ya orodha ya majina, akamtazama yule mama." Basi.

—Basi nini?

—Basi karatasi hazipo, Makaa.

Otiende akakichukua kitabu. Kusoma hajui, lakini akakigeuza juu chini, akakikung'uta kama mtu anayetoa mchanga kwenye kiatu.

—Umeuliza holi?

—Nimeuliza. Karani wa vitabu anasema kilikuja hiki kimoja tu, na waliokichapa wameshafunga kazi.

Idarusi akakohoa, kama kawaida yake kabla ya kukata kesi.

—Asiyekuwepo na lake halipo. Karatasi hazipo, basi hata kosa halipo! Tuazime kingine. Tumechoka na hadithi za uongo, tuletee cha kweli. Kile cha nyuki. Karani anakisifu mpaka anasimama.

—Nyuki wa nini Majengo hapa? alisema Muhidin. Leta cha maradhi ya tumbo. Hicho kila mtu atasikiliza.

—Wewe ndiye unayetutia hayo maradhi!

—Hakuna kingine, alisema Otiende. Mimi nataka huyu mama afike.

Wote walijua sababu, na hakuna aliyeitaja. Kaka yake Otiende alichukuliwa vita vile vile, Otiende mwenyewe akiwa bado anatambaa, na hakurudi. Mama yao sasa ni ajuza, anakaa naye kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Muthurwa. Kila jioni Otiende anamsimulia kwa Kijaluo alichosikia benchini, na ajuza hagusi chakula mpaka asikie yule mama amefika wapi.

—Mimi nawaambia hii ni kazi ya Serikali, alisema Idarusi, sauti chini. Siku hizi hata barua zinakatwa maneno.

—Serikali na mama wa hadithini wana kesi gani? alisema Muhidin. Ni mchwa.

—Mchwa anakata kwa rula? Hebu tazama hapa palivyonyooka.

—Kikulacho ki nguoni mwako, Hakimu. Huyu ni mchwa wa nguo. Ameshakaa na mafundi, amejifunza kukata.

Muhidin alicheka mwenyewe. Hamidi hakucheka. Methali ilirushwa ovyo, ikamwangukia yeye.

—Au mwandishi hakuujua mwisho, Muhidin akaendelea. Akauchana kwa aibu.

—Wapi! alisema Idarusi. Mwisho unauzwa mbali. Mwanzo wanaletewa watu weusi, mwisho unapelekwa Muthaiga kwa Wazungu. Sasa hivi kuna bwana mkubwa amekaa barazani anakunywa chai, anajua kabisa huyo mtoto yuko wapi. Na hata hamjali!

—Lo!

—Basi, Mwalimu, tunga wewe, alisema Muhidin. Sema amemkuta Tanga, mzima, ana duka na tumbo.

—Asitunge! Otiende alipiga benchi, vikombe vikaruka. Mama yangu ametungiwa miaka thelathini na tisa. Huyu amemwona Dar, yule amemwona Tabora, mwingine anasema ameoa. Mimi nataka kilichoandikwa.

Hamidi angeweza kunyamaza. Serikali ingebeba, mchwa angebeba.

—Ni mimi, alisema.

—Wewe nini?

—Mimi ndiye niliyezichana. Miaka minne sasa. Nilikuwa nafagia holi, jioni nauza njugu. Kitabu kilikuwa chini ya sanduku, kinakula vumbi. Nikataka karatasi za kufungia.

—Ukachana mwisho? Muhidin alishika kichwa. Mwisho, wewe?

—Sikujua ni mwisho! Mimi nilijua vitabu vya chuo cha Kurani tu, vile vinavyoanzia kulia. Nikasema nichane hapa mwanzo, mwanzo ni salamu na dua tu, msomaji hatapungukiwa kitu. Wallahi, nilidhani mwisho nimeuacha. Niliuonea huruma.

Hata Idarusi hakukohoa.

—Karatasi ngapi? aliuliza Otiende.

—Sita.

—Uliuzia wapi?

—Muthurwa, getini. Watu wa reli wakitoka kazini.

Otiende akatazama viganja vyake, na masizi yake ya miaka.

—Mimi nilikuwa nanunua kwako.

—Ndiyo.

—Kila siku. Nikimaliza njugu, najipangusa makaa na ile karatasi.

Pale darasani kina Hamidi waliambiwa kusoma ni taa, utaona mbali. Hakuna aliyemwambia kwamba ataona na nyuma. Asingejua kusoma, leo angekuwa amekaa hapa na wenzake anamlaani mchwa.

Mara akatokea Aoko, mke wa Otiende, leso kichwani, anahema kwa kutembea.

—Hamjambo, wazee. Shemeji Hamidi, salama? Nimetumwa na mama. Anasema miguu tu imemkataa, angekuja mwenyewe. Tangu asubuhi ananisumbua. Anauliza, yule mama leo amefika?

Idarusi akaanza kutafuta uzi kwenye suruali yake. Muhidin akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagika mpaka chini.

—Muulize Mwalimu, alisema Otiende, bila kuinua macho.

Aoko akamgeukia Hamidi, uso umechangamka, anangoja habari.

—Haya, shemeji. Nimwambie nini?