Mama Sostenes na Vidonda Visafi vya Rwamgasa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Muuguzi Paskazia Lufunga, ambaye kituoni kwetu ni Mama Sostenes tu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Anayedhani sasa atakaa kibarazani akinywa chai hamjui.

Alianza mwaka 1991 katika zahanati moja karibu na Kagongwa, muuguzi peke yake mwenye mabeseni mawili na baiskeli. Baadaye alihamia hapa kituoni kwetu Nyahanga, kwenye chumba cha vidonda, na utafiti wetu wa vidonda sugu vya wachimbaji wadogo wa dhahabu ulipoanza mwaka 2019, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Ana jicho: akitazama kovu anajua kama ni la moto, la jembe au la jiwe la duarani, shimoni mwa wachimbaji. Mdomo pia anao. Kwa usafi hana mchezo, na sote tumewahi kurudishwa mlangoni tukanawe upya, mganga mkuu akiwemo.

Mwaka 2021 mambo yalikwama. Kazi yetu ilikuwa kuchukua sampuli kwenye kidonda, kuotesha vimelea maabara, kisha kumpa mgonjwa dawa inayoviweza vimelea hivyo hasa. Sampuli za machimbo ya Rwamgasa zikawa hazioti kitu. Mimi ndiye wa maabara. Nilibadilisha sahani, nikalaumu umeme, nikalaumu hadi friji. Wakubwa wakaanza kuzungumzia kuufunga utafiti. Mbaya zaidi alikuwepo Masalu, mchimbaji wa miaka ishirini na tisa, ambaye kidonda chake kilipanda mguu kila wiki huku tukimpa dawa za kubahatisha. Siku ya kuukata mguu ilishapangwa, wiki mbili mbele.

Asubuhi ya kliniki yetu ya machimboni Mama Sostenes alitangulia Rwamgasa bila kumwambia mtu. Alimkuta Masalu nje ya kibanda chake, amekwisha kusugua kidonda kwa dawa ya kuua vijidudu, sasa anafungua vidonge vya rangi mbili na kumwagia unga wake juu. Alipoulizwa, Masalu alilishangaa swali lenyewe.

"Mayu, mama yangu, si wewe uliyemfukuza Donatus kwa kuwa ananuka? Tukakubaliana, kwako tuje wasafi."

Ilikuwa kweli. Mwaka uliotangulia alimrudisha Donatus, mchimbaji mwenzake Masalu, akaoge kwanza, kwa ukali wake wa kila siku, na habari ikatembea duara hadi duara. Unga ule uliua vimelea vya juu tu. Vya ndani viliendelea kula nyama, na kwa kuwa sampuli zilichukuliwa juu, maabara hatukuona kitu.

Mwingine angenyamaza. Yeye aliwaomba radhi wachimbaji palepale kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, kwa Kisukuma, mbele ya wote. Kisha akawasihi wasipake chochote kwa wiki moja, akarudi kuchukua sampuli kutoka ndani ya kidonda, kinuke kisinuke. Sahani zangu ziliota zote. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana nilikuwa nafurahia vimelea. Masalu alianza dawa yake sahihi siku nne kabla ya ile siku ya kukatwa, na baada ya miezi mitano alifika Nyahanga kwa miguu yake miwili.

Leo kila muuguzi wa mradi huanza kwa kumuuliza mgonjwa amepaka nini, tena kwa upole. Utaratibu huo ni wake.

Nilipoandika wasifu huu mara ya kwanza, niliruka habari ya Donatus. Alinirudishia karatasi akaniagiza niiweke, maana Donatus hakuonekana tena kliniki, na kila aliyeulizwa alisema amehamia machimbo mengine. Kumtafuta ndiyo kazi aliyojipangia kuanzia Julai.

Mama Sostenes, tunakushukuru kwa moyo wote, na tunakuombea afya na siku nyingi za furaha. Ukimpata Donatus, mwambie aje kama alivyo.

Shamimu, Maabara