Mchi wa Pili wa Mzee Leonidas Hango

Marehemu Mzee Leonidas Mughenyi Hango alizaliwa Mungaa, wilaya ya Ikungi, tarehe 14 Agosti 1956. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Hango na Mama Rahabu, ambao wote wametangulia. Utoto wake ulipita juu ya kichanja katika shamba la uwele, akiamia ndege. Alipewa kombeo na kopo la kugonga, lakini mama yake alikuwa akilalamika kwamba kweleakwelea wakitua, mtoto huyu anaacha kugonga kopo ili asikilize wanasemezana nini. Siku hizo masikio yake yalikuwa makali. Masikio hayo ndiyo yaliyokuja kumwacha kabla ya kiungo kingine chochote.

Alisoma Shule ya Msingi Mungaa kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari Singida mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974. Alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, na baadaye chuo cha kilimo, ambako alipata cheti mwaka 1977. Waliosoma naye walimkumbuka kwa utaratibu wake wa kukaa dirishani. Mwalimu alipomuuliza anatazama nini huko nje, alijibu kwamba hatazami.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa bwana shamba. Alifanya kazi Manyoni, kisha Itigi, na mwisho Ikungi, alikostaafu Agosti 2016. Miaka mingi aliwekwa kwenye kikosi cha kupambana na kweleakwelea. Jioni ndege walitua kwenye vichaka kwa maelfu, dawa ikapigwa, asubuhi hakuna aliyelia. Mzee alisema ukimya wa asubuhi zile haukufanana na ukimya mwingine. Wakulima walimshukuru. Yeye alipostaafu alinunua simu nzuri, akasema anataka kuwasikiliza waliobaki.

Tarehe 24 Oktoba 1981, katika kanisa la hapa Mungaa, alifunga ndoa na Theresia, binti wa Ihanja. Walijaliwa watoto wawili, Michael na Lucy. Mama Theresia hakupenda unga wa mashine. Alisema unatoka wa moto na umechoka. Kwa hiyo nyumba yao ilibaki na kinu, na Mzee alitwanga pamoja na mkewe, michi miwili kinu kimoja, wakipokezana. Mwanaume kutwanga ilikuwa habari ya kijiji. Jirani yao, Simeoni, alisimama uani siku moja akamuuliza, "Leonidas, na khanga utaanza kufunga lini?"

Kabla Mzee hajajibu, Mama Theresia alisema bila kusimamisha mchi, "Anayo, shemeji. Iko kwenye kamba inakauka."

Simeoni yupo hapa leo, na ndiye aliyeomba hilo lisomwe.

Mkono wa Mama Theresia ulizoea kutwanga kwa watu wawili kiasi kwamba hata alipokuwa peke yake hakubadilisha mapigo. Alipiga, akaacha nafasi, akapiga tena. Nafasi ile ilikuwa ya mumewe.

Mwaka 2017 Mzee alijiunga na kundi la mtandaoni la watu wanaorekodi sauti za ndege wa nyanda kavu. Lilikuwa kundi la kisayansi, lenye watafiti na watu wa kawaida, chini ya usimamizi wa Bi. Febronia, mtafiti aliyeko Dodoma. Kila rekodi ilitakiwa ianze na tamko: jina lako, mahali, hali ya hewa, na uko na nani, kwa sababu nyayo na pumzi za mtu wa pili huharibu kazi. Kanuni nyingine ilikuwa kusema ulichosikia, si ulichotaka kusikia. Mazungumzo ya ugali, mpira na misiba hayakuruhusiwa humo. Mzee ndiye aliyependekeza lifunguliwe kundi dogo la pembeni kwa ajili ya hayo, nalo likaitwa Nje ya Mada.

Huko walipumzika. Chediel, anayefanya kazi kwenye reli Itigi, alileta habari za asali na za treni zilizochelewa. Elisha, mwalimu wa Kiomboi, alileta utani. Walibishana kama mlenda unakwenda na ugali wa mahindi au wa uwele tu. Tamko nalo walilihamishia huko kwa mzaha, na Elisha alizoea kufungua ujumbe wake wa sauti hivi: "Elisha, Kiomboi, mawingu mazito, niko na mke wangu, na amenuna." Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wengi wao hakuwahi kuwaona kwa macho, lakini aliwajua kwa sauti kama mtu anavyowajua ndugu waliomo chumba cha pili.

Jumamosi tarehe 9 Machi 2019, Mzee na mkewe walikuwa wanatwanga uwele. Mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali, alilia nyuma ya nyumba. Mzee aliegemeza mchi wake ukutani, akasema, "Nakuja sasa hivi," akachukua simu. Rekodi ya siku hiyo ipo kwenye hifadhi ya kundi. Tamko linasema, "Leonidas, Mungaa, jua, niko peke yangu." Mlembe analia. Mbali kidogo mchi unasikika, pigo na nafasi, pigo na nafasi, halafu hakuna pigo. Aliporudi uani, Mama Theresia alikuwa ameanguka kando ya kinu na amekwisha kukata roho. Baada ya mazishi Mzee alikifudikiza kinu pale pale ukutani, na michi yote miwili akaifunga darini.

Mwezi Juni alirudi Nje ya Mada kutoa shukrani. "Leonidas, Mungaa, upepo kidogo, niko peke yangu. Nawashukuru wote kwa rambirambi zenu."

Chediel ndiye aliyejibu kwanza. "Shikamoo kaka. Jipe moyo. Na huyo mama anayetwanga hapo nyuma mpe salamu zangu."

"Marahaba. Hapa hakuna anayetwanga, Chediel."

"Basi ni jirani."

Bi. Febronia alivaa hedifoni akausikiliza ujumbe ule upya. Alikuwa hajawahi kufika Mungaa wala kumwona Mama Theresia. "Siyo jirani," alisema. "Ni hapo hapo uani, karibu na simu yako. Na anatwanga namna ya ajabu kidogo, mzee wangu. Anapiga, anaacha, anapiga. Kama kuna mtu anamngoja."

Baadaye Bi. Febronia aliulinganisha ujumbe ule na rekodi ya mlembe. Hakusema alichokipata, ila alisema hatazilinganisha tena sauti hizo.

Mzee mwenyewe hakuusikia mchi. Masikio yake yalikuwa yamechoka, hasa kwa sauti nzito. Michael alikaa naye uani asubuhi nyingi, naye hakusikia kitu, hata alipousikiliza ujumbe kwenye simu ya baba yake. Lakini ujumbe ukitoka hapa ukafika Itigi, Kiomboi na Dodoma, mchi ulikuwamo. Hivyo ikawa desturi. Kila asubuhi Mzee alitoa tamko, akasimulia alichokula na ndege aliyemwamsha, na mwisho akauliza, "Yupo?" Wao wakajibu, "Yupo." Kisha wakaendelea na mpira. Waliomtembelea miaka ile walishangaa jinsi alivyokuwa mtulivu kwa mtu aliyefiwa.

Mwaka 2024 aliugua figo. Daktari alitaka aishi karibu na hospitali ili asafishwe damu kila wiki. Lucy, anayeishi Singida mjini, alimwandalia chumba. Mzee alikataa kuhama.

"Nikiondoka, yeye atamngoja nani?"

"Baba, mama amefariki. Wewe bado."

"Najua amefariki, mwanangu. Sijasema hajafariki."

Miguu yake ilivimba, na pumzi ikawa fupi. Lucy aliomba namba za watu wa Nje ya Mada akawaandikia mmoja mmoja. Aliwaambia kwamba baba yake atakufa kwa sababu ya mazungumzo yao ya asubuhi, na akawaomba waseme hawasikii tena. Bi. Febronia alimpigia simu.

"Dada Lucy, tangu nianze kazi hii sijamwambia mtu nimesikia nisichosikia, wala sijaficha nilichosikia."

"Na mimi sijawahi kuwazika wazazi wote wawili," Lucy alisema. "Nisaidie isiwe mwaka huu."

Walikubali. Asubuhi moja ya Januari 2025, Mzee alitoa tamko kama kawaida na kuuliza, "Yupo?"

"Leo kimya, mzee," alisema Elisha, bila utani wowote.

"Kimya," aliandika Bi. Febronia.

Chediel alisema treni inapita, hajasikia vizuri. Kesho yake walisema kimya, na keshokutwa vivyo hivyo.

"Sawa," alisema Mzee. "Basi amechoka." Akamwambia Michael amfungie nguo.

Ni haki kusema kwamba miezi ya mjini ilikuwa na faida. Uvimbe ulipungua, alikula vizuri, na alimfundisha mjukuu wake Eliza kuiga sauti ya kware mpaka majirani wakatoka kutazama. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Lakini Nje ya Mada hakutoa tamko tena. Akiulizwa yuko na nani, alisema, "Niko tu." Mwezi Julai hali ilibadilika, na kufikia katikati ya Agosti daktari alimweleza Lucy kwa upole kwamba mwili haupokei tena matibabu.

Siku chache baadaye Chediel alikuja Ikungi kwa shughuli zake, akapitia Mungaa bila kumwambia mtu. Nyumba ilikuwa imefungwa. Alisimama uani akarekodi, akatuma Nje ya Mada bila maelezo. "Chediel, Mungaa, nyumbani kwa kaka Leonidas. Jua kali. Niko peke yangu."

Lucy, ambaye alikuwa amejiunga na kundi lile baba yake alipohamia mjini, aliusikiliza ujumbe akiwa amesimama jikoni. Mpaka siku hiyo hakuwahi kusikia kitu, na moyoni alikuwa na hakika kwamba ni watu wema wanaomfariji mzee. Aliusikiliza mara ya pili, akakaa chini sakafuni. Ameruhusu iandikwe hapa kwamba aliutambua mkono wa mama yake kabla ya pigo la tatu.

Aliingia chumbani kwa baba yake.

"Baba, kesho tunarudi."

"Wapi?"

"Nyumbani. Yupo."

"Waliniambia kimya."

"Mimi ndiye niliyewaambia waseme hivyo. Haikuwa kweli."

"Haya," alisema Mzee, akaanza kutafuta viatu vyake. "Basi nimemweka sana."

Alifika Mungaa tarehe 28 Agosti. Hakuomba kinu kiinuliwe wala michi ishushwe. Aliomba kiti tu, akikalie asubuhi uani akielekea ukuta ule. Jumanne tarehe 9 Septemba 2025 alituma ujumbe wake wa mwisho Nje ya Mada, nao ulikuwa mfupi: "Leonidas, Mungaa, hakuna upepo. Tuko wawili." Hakuuliza kama yupo. Lucy alipomletea uji alimkuta amefariki kitini, mwenye joto bado, uso wake ukiwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza.

Lucy ndiye aliyewaarifu wenzake, kwa utaratibu aliousikia kwa baba yake. "Lucy, Mungaa, jua. Niko na baba. Baba amefariki." Salamu za pole zilikuja nyingi. Chediel alichelewa kujibu.

"Pole sana, dada," alisema hatimaye. "Nimezima redio nikasikiliza vizuri. Ile nafasi haipo tena. Wanapokezana."

Mzee Leonidas ameacha watoto wawili, Michael na Lucy. Wajukuu wanne, Eliza akiwa mkubwa wao. Dada yake, Mama Flora wa Ihanja. Jirani yake Simeoni. Na wenzake wa Nje ya Mada, ambao wamekutana leo kwa mara ya kwanza uso kwa uso, wakatambuana pale getini kwa sauti. Atalazwa kando ya mke wake.

Familia ina ombi moja. Tangu juzi watu waliolala msibani wamekuwa wakiuliza ni akina nani wanaotwanga nyuma ya nyumba asubuhi, wakati unga wote wa msiba umetoka mashineni. Familia haina jibu zaidi ya hili lililosomwa. Kinu kipo ukutani kimefudikizwa kama alivyokiacha, nasi tunaomba mtu asikikalie. Na yeyote atakayerekodi chochote hapa leo kwa simu yake, atoe tamko kwanza, lakini asiharakishe kusema yuko peke yake.

Mzee Leonidas, ulisema unakuja, na sasa umefika. Pumzika kwa amani, wewe na uliyemkuta.