Majina Matatu Katika Daftari la Stoo

Baba Paroko, viongozi na wanachama wa Umoja wa Wakutubi Kanda ya Mzizima, majirani, wanafunzi, na ndugu wote mliofika hapa Chang'ombe leo Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024, familia inawaomba mkae na kusikiliza hadi mwisho, asitoke mtu, kwa sababu sehemu ya mwisho ya historia hii marehemu aliiandika kwa mkono wake, akaagiza isomwe mbele ya watu, na huenda inamhusu mmoja wa walioketi hapa.

Auleria Kokugonza Ansbert alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 huko Kamachumu, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, leo Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mwalimu Ansbert Rwechungura na Mama Paskazia, wote marehemu. Mwalimu Ansbert alikuwa na rafu moja ya vitabu, na kwa kuwa Kamachumu mvua haikatiki, kila asubuhi kabla ya uji watoto walivifuta kwa kitambaa kikavu, na aliyethubutu kulowesha kitambaa alichapwa. Maji ni adui wa karatasi, baba alikuwa akisema, na Auleria alilishika neno hilo maisha yake yote, na ndilo neno ambalo familia inawaomba mlikumbuke tunapoendelea.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, na sekondari mjini Bukoba kuanzia 1983 hadi 1986. Mwaka 1987 alishuka Dar es Salaam kwa shangazi yake aliyeishi Kinondoni, akasomea ukutubi Bagamoyo na kupata cheti mwaka 1989, kisha stashahada mwaka 1998. Aliajiriwa kuwa msaidizi wa maktaba tarehe 1 Julai 1990, mwaka 2004 akahamia maktaba ya shule ya sekondari wilayani Temeke, akaitumikia hadi alipostaafu kwa hiari tarehe 30 Juni 2023.

Jumamosi ya tarehe 4 Julai 1992 alifunga ndoa takatifu na Deogratias Mutayoba, fundi mitambo wa kiwandani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Brightson aliyezaliwa mwaka 1994 na Didas aliyezaliwa mwaka 1998, na wajukuu watatu.

Alijiunga na Umoja wa Wakutubi mwaka 1996. Wengi wenu mmewaona wanachama wake hapa msibani tangu Jumanne, wakipokezana zamu ya kupika, kuchota maji na kuketi na wafiwa, na huo ndio utaratibu wao kwa mwanachama akifiwa au akiugua. Kwa wanafunzi wa ukutubi nao Umoja ulikuwa na utaratibu wake: wanaokuja Dar es Salaam kwa mafunzo ya vitendo, ambayo wenyewe wanaita fildi, walitafutiwa mahali pa kufanyia kazi, mtu wa kuwasimamia, na vitabu vya kuazima hadi mitihani iishe. Mwaka 2009 Auleria alichaguliwa kuwa mratibu wa wanafunzi hao, na waliopita mikononi mwake walimwita mama.

Mwezi Juni 2018 Umoja ulipokea maboksi mia mbili na kumi na mbili ya vitabu kutoka maktaba ya shamba moja la mkonge lililofungwa zamani bara. Mzee Thuwaini Haroub, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Chang'ombe, alitoa stoo iliyo nyuma ya duka lake bila masharti, kwa kuwa mtoto wa ndugu yake, Bi Badriya, ndiye katibu wa Umoja. Vitabu vilikuwa vizima, ila vilifunikwa na unga mweupe, mwepesi, ulioingia hadi katikati ya kurasa. Auleria aliutazama akaona vumbi la miaka mingi, akaamua kwamba kila mwanafunzi wa fildi atapitia stoo hiyo wiki mbili, ajifunze kusafisha kitabu na kukiingiza kwenye orodha.

Aliwafundisha alivyofundishwa. Walisafisha kwa brashi kavu ya manyoya laini, ukurasa kwa ukurasa, kitambaa chenye maji kikiwa mwiko, na madirisha yalifungwa ili upepo wa barabarani usipeperushe karatasi. Mlangoni kulikuwa na daftari, na hakuna aliyevuka kizingiti siku yake ya kwanza bila kuandika jina, tarehe na saa. Mstari wa kwanza ni wa Auleria mwenyewe, tarehe 2 Julai 2018.

Daftari hilo lilimuudhi Mzee Thuwaini. Siku aliyotaka kuchungulia kazi inavyokwenda alielekezwa kalamu, akasema kwa sauti iliyosikika hadi dukani, "Mie kuingia stoo yangu mwenyewe mpaka nisaini? Nyie wakutubi mna serikali yenu!" Alicheka, akaondoka, na hakurudi kwa karibu miaka mitano. Familia inalitaja jambo hilo bila kumlaumu mtu, ila katika eneo lile lote huenda yeye peke yake ndiye angeutambua ule unga.

Kikohozi cha Auleria kilianza Aprili 2022. Alipimwa kifua kikuu, hakikuonekana, akapewa dawa za mzio, akaendelea na kazi. Februari 2023 alipigiwa simu na Sekela, aliyefanya fildi mwaka 2019 na ambaye sasa ni mkutubi Mbeya, msichana aliyekuwa akicheza netiboli chuoni. Sekela alisema, "Mama, ngazi za ghorofa moja tu zinanishinda, kifua kinabana kama nimefungwa kanga na mtu mwenye hasira." Auleria alimcheka kidogo, akamwambia apunguze chipsi, na alipokata simu, kwa maelezo ya mumewe, alihesabu kwa vidole waliopitia stoo pamoja na Sekela, hadi chai yake ikapoa.

Tarehe 16 Machi 2023, saa tatu asubuhi, alimfuata Mzee Thuwaini dukani, akamwomba aingie stoo bila kusaini, autazame ule unga. Mzee alisimama mlangoni, akachukua unga kidogo kwa ncha ya kidole, akaunusa kwa mbali, akajifuta kwa leso na kuitupa leso.

"Mama Brightson, hili si vumbi," alisema. "Vumbi la Chang'ombe nalijua, nalila mwaka wa hamsini huu. Hii ni dawa ya mchwa ya zamani, tulikuwaga tunawauzia wenye maghala kabla haijapigwa marufuku. Mnaifanyia nini humu?"

Auleria akamjibu kwamba wanaipiga brashi.

Auleria alifunga mlango siku hiyohiyo, ufunguo akautia kwenye mkoba wake, daftari akaenda nalo nyumbani, na unga kidogo akaupeleka maabara. Majibu ya maabara yalitoka tarehe 3 Mei 2023, yakaeleza kwamba ule unga ni sumu ya wadudu ya kizazi cha zamani, iliyochanganywa na unga wa jiwe. Kitambaa chenye maji kingeushika ukabaki kwenye kitambaa. Brashi kavu, madirisha yakiwa yamefungwa, iliurusha hewani, na Auleria alikuwa akiwakagua wanafunzi wake na kuwasifu wale waliopiga brashi kwa bidii zaidi.

Daftari lilikuwa na watu arobaini na mmoja. Alilitoa suala hili kwenye kikao cha Umoja kilichofanyika Kinondoni tarehe 20 Mei 2023, na haikuwa rahisi, familia haitaficha hilo. Mwenyekiti, Bwana Isack, ambaye yupo hapa na ameruhusu lisemwe, alimuuliza, "Dada Auleria, tukilitangaza hili, chuo gani kitatuletea tena mwanafunzi?" Akajibu, "Na tukilinyamazia, mwenyekiti, watakaoletwa watatukuta na uso gani?" Bi Badriya akawa wa kwanza kunyoosha mkono, na tangu siku hiyo Umoja umegharamia vipimo vya kila aliyepatikana, ukawaandikia wakuu wa vyuo, na stoo ikakabidhiwa kwa wataalamu.

Namna alivyowatafuta ni ya kikutubi. Alichukua kadi zilezile ambazo maktaba humpelekea msomaji aliyechelewa kurudisha kitabu, akaandika jina la mhusika, mahali pa jina la kitabu akaandika "picha ya kifua", na mahali pa tarehe ya kurudisha akaandika "leo". Alipeleka nyingine kwa mkono, akipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme. Kijana Yazid, mmoja wa waliopitia stoo, Auleria alimkuta Vingunguti, akiwa karani machinjioni, naye akaipokea kadi akicheka, akasema, "Mama, umenifuata mpaka kwa ng'ombe? Kitabu nilirudishaga! Na hapa kukohoa wote tunakohoa." Auleria alikaa juu ya kreti tupu la soda hadi Yazid alipomaliza zamu yake, wakaongozana hospitali. Yazid ni mmoja wa watu tisa waliokutwa na makovu kwenye mapafu, Sekela ni mwingine, wote wako chini ya uangalizi, na asubuhi ya leo Yazid ameomba kushika jeneza, amekatazwa na daktari.

Auleria alilazwa mara ya kwanza Novemba 2023, na kuanzia Juni 2024 aliishi na mtungi wa oksijeni kando ya kitanda, daftari likiwa chini ya mto. Madaktari hawakuandika kwamba ule unga ndio uliomuua, waliandika kwamba mapafu yake yalikuwa na makovu yaliyoenea pande zote mbili, na familia inaishia hapo walipoishia. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mumewe na wanawe wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliobeba mitungi hadi chumbani, Mzee Thuwaini ambaye hajakosa kuja kumjulia hali siku hata moja tangu Machi ile, waajiri wake wa zamani, na Umoja wa Wakutubi, ambao haukumwacha yeye wala wanafunzi wake.

Sasa yafuata sehemu aliyoiandika marehemu, nasi tunaisoma kwa niaba yake. Kati ya watu arobaini na mmoja, yeye akiwa wa kwanza, thelathini na saba wamepatikana. Watatu hawajapatikana, na aliagiza watajwe polepole, mara mbili kila mmoja.

Maisa Abdulrahman, aliyefanya fildi Julai 2019, akiishi Kinondoni. Maisa Abdulrahman.

Cyprian Felician, aliyefanya fildi Agosti 2020, na kusema anakwenda Mtwara. Cyprian Felician.

Wa tatu hana jina. Ni mstari wa ishirini na tatu, tarehe 9 Agosti 2019, siku ambayo Auleria hakuwepo stoo kwa kuwa alikuwa Tandika, kwenye msiba wa mwanachama mwenzake, na Bi Badriya ndiye aliyeshika zamu. Kuna saini tu, mkunjo mmoja na mstari mrefu, kuingia saa tatu, kutoka saa nane. Bi Badriya anakumbuka binti mwenye mtandio wa bluu, aliyekuja kumsindikiza rafiki yake, hakuwa hata mwanafunzi wa ukutubi, akaona wenzake wanafanya kazi, akasema, "Nipeni na mie brashi, nisikae bure." Alikaa humo kwa muda wa saa tano. Mstari wa ishirini na tatu, mwenye mtandio wa bluu.

Muuguzi Mwajabu, atakayempokea yeyote kati ya hao watatu na kumpeleka kupimwa, ameketi kwenye meza ya daftari la rambirambi, karibu na lango, na hataondoka hadi tutakaporudi kutoka makaburini. Kadi ya mwisho marehemu aliiandika Ijumaa ya wiki iliyopita, tarehe 11, mahali pa jina akapaacha wazi.

Lala, dada, kwa amani uliyokuwa ukiwatafutia wengine. Kadi uliyoiacha wazi iko mezani, na kalamu iko pembeni yake.